Mrututu na Chupa ya Bluu

Sisi walimu wastaafu tunapokutana Nachingwea mjini, hasa zile siku za kufuatilia pensheni, mazungumzo yetu yamebadilika sana. Zamani tulizungumzia matokeo ya mtihani wa darasa la saba, uhamisho, na nyumba za walimu zilizokuwa zikivuja. Siku hizi tunazungumzia miili. Huyu goti, yule macho, mwingine sukari. Mimi nina umri wa miaka 74, na mikono yangu, iliyoshika chaki kwa miaka 37, imekuwa kama karatasi iliyokunjwa ikakunjuliwa. Ukiifinya ngozi ya mgongo wa kiganja inasimama kwanza, kana kwamba inafikiri, ndipo irudi mahali pake. Silalamiki. Lakini siwezi kusema kwamba siioni.

Mwezi wa Machi mwaka 2023 mpwa wangu, ambaye anafanya kazi Dar es Salaam, alinitumia kifurushi kwa basi. Ndani yake mlikuwa na chupa mbili ndogo za kioo, kila moja na kidonyezi chake, na ndani ya chupa maji ya rangi ya bluu iliyokoza. Ujumbe wake kwenye simu ulisema hivi: “Shikamoo mjomba. Chupa moja ni yako, upake usoni na mikononi, inarudisha ngozi ya ujana. Ya pili naomba umpelekee mama Ruangwa kwa ajili ya kile kidonda cha mguuni. Ni peptidi ya shaba, mjomba, dawa ya kisasa kabisa. Imenigharimu 95,000 kila moja.”

Niliitazama ile rangi, nikacheka peke yangu. Rangi hiyo naijua tangu utotoni.

Ndugu msomaji uliyekulia kusini katika miaka ya 1950 bila shaka unaikumbuka nawe. Katika siku hizo, Ruangwa ikiwa bado sehemu ya Nachingwea, watoto wengi tulikuwa na donda ndugu miguuni. Ulikwaruzwa na mwiba shambani, au jembe lilikugusa mundi, na baada ya wiki moja mahali pale palikuwa na shimo la ukubwa wa shilingi, lenye harufu. Zahanati ilikuwa na dresa mmoja, mtu mkali, mwenye kaptula iliyopigwa pasi. Yeye aliosha kidonda kwa maji moto, akakikausha, kisha akachukua kijiwe cha bluu kinachong'aa kama kioo, akakigusisha kwenye nyama mbaya. Kile kijiwe ndicho mrututu. Mtoto alipiga kelele hadi mama waliokuwa kwenye foleni wakafumba macho. Nyama iliyooza iliungua, ikatoka, na chini yake palionekana wekundu safi. Ninalo kovu lake mpaka leo, chini ya goti la kushoto, na wajukuu hupenda kulibonyeza.

Mrututu ni shaba. Ni shaba iliyoungana na salfa na maji, na ndiyo ile ile ambayo wakulima wa kahawa, ikichanganywa na chokaa, waliinyunyizia mibuni dhidi ya kutu ya majani, hata shamba zima likaonekana limepakwa rangi. Shaba huua vijidudu. Wamisri wa kale walijua hivyo, na bibi zetu waliovaa vikuku vya shaba hawakuwa na maabara, lakini hawakuwa wajinga. Ila mrututu hauchagui. Unaunguza nyama mbovu, na ukizidisha unaunguza nzima pia. Dresa wetu, pamoja na ukali wake, alikuwa na mkono mwepesi, na hapo ndipo ulipokuwa ufundi.

Sasa hii peptidi ya shaba ni kitu gani? Nilikaa na miwani yangu, nikasoma nilivyoweza, nikamsumbua na mwalimu mwenzangu aliyekuwa akifundisha sayansi, maana mimi nilikuwa mtu wa Kiswahili na historia. Nitaeleza kama ningewaeleza darasa la saba. Chukua utepe wa shanga. Kila shanga ni asidi amino. Utepe mrefu wenye shanga mamia ni protini, kama vile nyama, ukucha na unywele. Utepe mfupi, wenye shanga chache tu, huitwa peptidi. Hii ya kwetu ina shanga tatu basi: glisini, histidini na laisini. Shanga hizo tatu zimejikunja kidogo, zikambeba mtoto mgongoni, na mtoto huyo ni chembe moja ya shaba. Tofauti na mrututu ni kwamba hapa shaba imefungwa kwenye mbeleko. Haitoki ovyo kuunguza watu.

Aliyeigundua ni Mmarekani, Loren Pickart, mwaka 1973. Alikuwa akichunguza chembe za ini za watu wazee, akaona kwamba zikiwekwa katika damu ya vijana zinaanza kufanya kazi karibu kama za vijana. Akatafuta katika damu hiyo kitu kinachosababisha hayo, akafika kwenye zile shanga tatu. Baadaye aliandika kwamba kijana wa miaka 20 ana nanogramu 200 hivi za kitu hicho katika kila mililita ya maji ya damu, na akifika miaka 60 zimebaki 80 tu. Mwaka 1988 watafiti wa Ufaransa, akiwamo Maquart, walionyesha kwamba chembe za ngozi zikilelewa katika vyombo vya maabara, na kutiwa peptidi hiyo, hutengeneza kolajeni zaidi. Kolajeni ndiyo kamba zinazoshikilia ngozi isilegee. Jua hukata kamba hizo, umri huzipunguza, na sisi tuliolima tangu alfajiri hadi adhuhuri jua hilo tumelipata kwa wingi.

Tena shaba yenyewe ni mwashi wa kweli mwilini. Kipo kimeng'enya kimoja ambacho kazi yake ni kufunga kamba za kolajeni zishikane, na bila shaba hakifanyi kazi. Mwili mzima wa mtu mzima una shaba ndogo mno, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya gramu, na kwa siku tunahitaji chini kidogo ya miligramu moja. Hapo nilifurahi kugundua jambo moja ambalo wala halikuandikwa kwenye karatasi ya mpwa wangu. Gramu 100 za korosho zina miligramu 2 hivi za shaba. Ufuta unazo kiasi cha 4. Korosho na ufuta! Yaani mtu wa Ruangwa na Nachingwea anaiuza shaba kwa magunia kila msimu, kisha anatumiwa matone yake kutoka mjini kwa shilingi 95,000. Sisemi kwamba ukila korosho makunyanzi yataondoka, la hasha. Mwili hauko hivyo, na aliyeshiba shaba haongezewi faida kwa kuila zaidi. Nasema tu kwamba hatukuwa tumepungukiwa.

Basi, je, dawa ile ni ya uongo? Si ya uongo, na hapo ndipo penye ugumu. Uongo mtupu ni rahisi kuukataa. Ule mkorogo ambao binti zetu wanajipaka, wenye zebaki na haidrokwinoni, huhitaji kuwa mtaalamu kuona unavyomharibu mtu; ukitazama vifundo vya vidole vyake vimebaki vyeusi na uso umekuwa kama wa mgonjwa, umeshajua. Serikali iliupiga marufuku zamani, kwanza chini ya mamlaka iliyotokana na sheria ya mwaka 2003, na tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Hii ya bluu ni jambo jingine. Ina mwanasayansi wa kweli, ina miaka, ina vipimo. Kasoro yake ni umbali uliopo kati ya chombo cha maabara na unyayo wa mwanamke wa Ruangwa.

Sisi watu wa Nachingwea tunaufahamu umbali huo kuliko wengi. Mwaka 1947 Waingereza walikuja hapa na mradi wa karanga. Kwenye karatasi, huko London, kila kitu kilikwenda sawa: ekari, matrekta, mvua, tani. Wakafyeka msitu, wakajenga bandari Mtwara, wakaleta reli mpaka kwetu. Karanga hazikukubaliana na karatasi. Mwaka 1951 serikali yao ilifuta pauni milioni 36 na mradi ukaisha, na reli nayo ikafungwa mapema baada ya Uhuru. Baba yangu alifanya kazi ya kung'oa visiki katika mradi ule, na hadi anakufa alipenda kusema kwamba wale wazungu walikuwa watu hodari sana, isipokuwa hawakuuliza udongo.

Nilikwenda Ruangwa na chupa yangu mfukoni. Hapana budi nieleze hapa desturi yetu, kwa faida ya msomaji asiye wa huku. Sisi Wamwera, kama ndugu zetu Wamakonde, Wamakua na Wayao, tunahesabu ukoo kwa upande wa mama. Watoto wa dada yangu ni wangu mimi kabla ya kuwa wa baba yao, na jambo zito la nyumba ile halikatwi bila mjomba. Ni heshima, na siku nyingine ni mzigo. Mpwa alikuwa amenunua, dada alikuwa anaumwa, lakini neno lilikuwa langu.

Nilimkuta umbu langu amekaa barazani anapeta ufuta, mguu mmoja umefungwa kitambaa cha kanga. Ana kisukari, mwaka wa nane sasa. Nikamwambia afungue. Kidonda kilikuwa chini ya unyayo, karibu na kidole cha pili, ukubwa wa kifuniko cha soda, na kando yake ngozi imekuwa nyeupe na laini kama iliyolowekwa. Kulikuwa na unga wa manjano juu yake. Duka moja la dawa lilikuwa limemuuzia vidonge vya rangi mbili na kumwambia avifungue akinyunyizie. Harufu niliifahamu. Ilikuwa ile ya miaka ya 1950.

“Kinakuuma?” nikamwuliza.

“Hakiniumi hata kidogo, kaka. Ndiyo maana sikuwasumbua.”

Neno hilo ndilo lililonitia baridi. Mtoto mwenye donda ndugu alipiga kelele. Kelele zile zilikuwa uhai. Kisukari hufisha hisia za miguu polepole, na kinaziba mishipa midogo ya damu, hata mtu akatembea na msumari ndani ya kandambili siku nzima asijue. Nilikuwa nimesoma kuhusu Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam, ambaye kwa miaka mingi ameshughulikia miguu ya wagonjwa wa kisukari, na ambaye mwanzoni mwa miaka ya 2000 alishiriki kuanzisha mradi wa kuwafundisha madaktari na wauguzi wa mikoani kazi hiyo, ukiitwa Hatua kwa Hatua. Katika maandishi yake na wenzake linarudi jambo lile lile: wagonjwa wetu hufika wamechelewa. Wamekaa nyumbani, wamejaribu hiki na kile, na wanapofika mguu umeshaoza. Wengi katika hao hukatwa miguu, na wengine hufa.

Tukampigia simu mpwa, tukaweka sauti kubwa ili mama yake asikie.

“Mjomba, soma karatasi,” alisema. “Imeandikwa inajenga tishu. Hata vidonda vya sukari walishaijaribu huko Marekani, nimesoma mwenyewe.”

Alikuwa anasema kweli, kijana wa watu. Mwaka 1994 ilichapishwa taarifa ya jaribio la jeli yenye peptidi hiyo hiyo kwa vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari, na matokeo yake yalitia moyo. Lakini habari haikuishia hapo. Jeli ile haikufikia kuidhinishwa kuwa dawa ya kuponya vidonda hivyo, na shaba ile ikaelekea kwenye vipodozi, ambako hakuna anayekudai uthibitishe kidonda kimefunga. Aidha, katika jaribio lile wagonjwa walisafishwa vidonda vyao kwanza na madaktari, wakatunzwa. Jeli iliongezwa juu ya kazi hiyo. Haikuwekwa juu ya unga wa vidonge kwenye baraza la Ruangwa. Na karatasi ya chupa, ambayo mpwa alitaka niisome, niliisoma mpaka maandishi madogo ya chini: isitumike kwenye ngozi iliyopasuka.

Nikamsomea. Akanyamaza. Kisha akasema, “Lakini mjomba, hospitali wataukata mguu.”

Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake tangu mwanzo, na nadhani ndilo lililomfanya dada akae kimya wiki zile zote. Hawakuwa wanatafuta shaba. Walikuwa wanakimbia msumeno. Katika mtaa wake kuna mzee aliyekwenda hospitali na mguu akarudi bila mguu, na kila mtu anakumbuka msumeno, hakuna anayekumbuka kwamba alikaa nyumbani miezi minne kwanza. Nilimjibu mpwa kwa sauti ya mwalimu mkuu, ambayo sikuwa nimeitumia tangu nistaafu: chupa hii haitagusa kidonda hiki, na kesho alfajiri mama yako anasafiri. Dada alilia kidogo, akaniuliza kama nitakuwepo. Nikamwambia nitakuwepo.

Tulipita Nanganga, tukafika Ndanda, kwenye ile hospitali iliyoanzishwa na Wabenediktini. Sukari yake ilikuwa juu mno. Wakakisafisha kidonda, wakakata nyama iliyokufa, na nilipoiangalia kazi ile nikamkumbuka dresa wetu na kijiwe chake, kwa kuwa mambo ni yale yale: nyama mbovu itoke kwanza. Picha ilionyesha ubaya umeingia kwenye mfupa wa kidole cha pili. Kidole kikaondolewa. Tukakaa siku 19. Akapewa dawa za vijidudu, akafundishwa insulini, akakatazwa kabisa kukanyagia mguu ule, jambo ambalo kwa mwanamke wa shamba wakati wa palizi lilikuwa gumu kuliko kisu chenyewe. Mguu ukabaki.

Kwa upande wa chupa, sikuitupa. Mwalimu hatupi kitu kilicholipiwa. Niliamua kufanya jaribio. Kila usiku kwa wiki 12 nilipaka matone mawili kwenye mgongo wa mkono wa kushoto, na wa kulia nikauacha kama ulivyo. Sikumwambia mtu. Wiki zilipotimia nilikwenda kwa yule mwalimu mwenzangu wa sayansi, nikamwekea mikono yote miwili mezani, nikamwambia achague ulio kijana zaidi. Akavaa miwani, akaigeuza, akaifinya, akachagua wa kulia.

Nilipomweleza alikasirika, akasema jaribio la mtu mmoja si jaribio, na tena mimi ni mtu wa mkono wa kulia, pengine mazoezi yameufanya uwe mnene. Yuko sahihi. Majaribio ya wenzetu waliopima nyuso za wanawake kwa wiki kama hizo 12 yaliona ngozi imeneneka kidogo na mistari imepungua kidogo. Nayo yalikuwa ya watu makumi machache tu. Inawezekana kwamba kipo kitu. Katika umri wangu kidogo hicho hakionekani kwa macho ya mwalimu wa sayansi mwenye mtoto wa jicho. Chupa ya pili niliwapa mabinti, wakagawana, wanasema inalainisha vizuri. Wanayo furaha, nami sina neno, mradi wasiichome kwa sindano kama nilivyosikia wengine mijini wanavyofanya. Shanga tatu juu ya ngozi ni jambo moja, na kuzitia katika damu, kutoka kwenye kichupa kisichojulikana kilikochemshwa, ni jambo lingine kabisa.

Mpwa wangu alikuja mwenyewe mwezi wa Agosti. Aliinama akauangalia unyayo wa mama yake kwa muda mrefu. Hakusema habari za chupa, nami sikumkumbusha. Jioni aliniuliza, “Mjomba, sasa nitume nini?” Nikamwambia atume viatu, na kama hana vya kumfaa, atume fedha ya viatu. Pale Ruangwa yupo fundi anayeshona ndala za ngozi zenye soli laini, pana, zisizobana. Tukamsimamisha dada juu ya karatasi ya gazeti, mpwa akachora unyayo kwa kalamu, wa kushoto kisha wa kulia. Fundi alipoletewa mchoro akauliza kama aache nafasi mahali pa kidole kilichoondoka au apabane. Dada akasema aache, kwa kuwa mguu ukivimba mchana utahitaji pa kukaa.

Sasa anavaa jozi ya tatu. Kila jioni kabla ya kulala anaweka kioo kidogo sakafuni, anakitazama unyayo wake, kisha anamwita mjukuu aje aangalie na yeye, kwa sababu macho yake nayo hayaoni sawasawa. Mjukuu ana miaka tisa na anaifanya kazi hiyo kwa makini sana, hata anahesabu vidole. Nilipokwenda mwezi uliopita nilimsikia akisema, “Tisa, bibi, wote wapo.”